Kwa nini kuwa na watu wa karibu ni sehemu ya afya yako

Mkimbizi anapofika kwenye makazi mapya anaweza kupewa kiwanja, turubai na sufuria. Jirani anayemfahamu hapewi. Pengo hilo haliumizi moyo tu. Linaumiza na mwili.

Watafiti walijuaje?

Huko California, Marekani, Lisa Berkman na Leonard Syme walichunguza kumbukumbu za watu wazima karibu 7,000 waliofuatiliwa kwa miaka 9. Matokeo yalitoka mwaka 1979: waliokuwa na uhusiano mdogo zaidi na wenzi, ndugu, marafiki, kanisa au vikundi walikuwa na hatari ya kufa zaidi ya mara mbili ya wenye uhusiano mwingi. Tofauti ilibaki hata baada ya kuzingatia sigara, pombe na afya waliyoanza nayo.

Inatokeaje?

Upweke wa muda mrefu huharibu usingizi na kupandisha shinikizo la damu. Kuna pia mambo ya kila siku. Dawa za kifua kikuu kwa kawaida humezwa miezi 6; mwenye mtu wa kumkumbusha hakati tamaa haraka. Mama mwenye jirani wa kumwachia watoto huwahi kituo cha afya.

Lakini si kila uhusiano unajenga. Nyumba yenye vipigo na matusi hudhoofisha afya.

Uganda inatufundisha nini?

Katika vijiji vya Masaka na Rakai, watu wenye huzuni kali walikutana kila wiki kwa wiki 16, wanawake kwao na wanaume kwao, wakiongozwa na mwenyeji aliyefunzwa. Walizungumzia misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: mwishoni, chini ya mtu 1 kati ya 10 bado alikuwa na ugonjwa huo. Katika vijiji visivyo na vikundi, walibaki zaidi ya nusu.

Unaweza kufanya nini?

- Jirani asipoonekana siku mbili, piga hodi.
- Jiunge na kikundi cha akiba, kwaya au kilimo.
- Mgeni akifika, mwonyeshe kisima, kituo cha afya na nyumba ya mwenyekiti.
- Ukikosa usingizi au hamu ya kula kwa wiki mbili, mwone mhudumu wa afya wa kijiji. Ukiwaza kujidhuru, usingoje: mwambie mtu leo, akusindikize kituo cha afya.