Gombo Lisilo na Irabu: Kijana wa Kiyahudi na Maandalizi ya Bar Mitzva

Mvulana wa Kiyahudi akitimiza miaka 13, amri zote za Torati humwangukia yeye mwenyewe. Kabla ya hapo alikuwa chini ya dhamana ya wazazi wake. Baada ya hapo akifunga siku ya Upatanisho anafunga kwa wajibu, na akiweka nadhiri imemfunga. Pia huhesabiwa katika ile jamaa ya watu kumi ambayo bila yake baadhi ya sala za pamoja haziwezi kusaliwa. Kwa msichana, mapokeo ya kale yanataja miaka 12. Neno bar ni la Kiaramu, maana yake mwana. Bat ni la Kiebrania, binti. Mitzva ni amri. Bar mitzva basi ni jina la hali ya mtu, kama vile Waislamu wanavyomwita mukallafu aliyefikiwa na sheria. Hali hiyo haingoji sherehe. Kijana aliyelala usiku akiwa mtoto huamka asubuhi amri ziko juu yake, hata kama hakuna aliyempikia pilau.

Sherehe ilikuja baadaye sana. Umri wa miaka 13 umetajwa katika Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilika yapata mwaka 200 baada ya Kristo, lakini desturi ya kumwita kijana mbele ya watu na kumfanyia karamu ilikomaa katika Zama za Kati, hasa miongoni mwa Wayahudi wa Ujerumani na Poland. Katika karne ya 16 rabi Solomon Luria wa Poland alikwisha kuijadili karamu hiyo kama jambo lililozoeleka. Kwingineko mambo yalikwenda vingine: Wayahudi wa Yemen waliwazoesha watoto kusoma Torati mbele ya watu wakiwa wadogo zaidi, hivyo kusoma kwa mara ya kwanza hakukuwa alama ya kubalehe.

Maandalizi huanza kwenye kalenda. Miezi ya Kiyahudi hufuata mwezi mwandamo, na ili sikukuu zisihame majira, mwezi wa ziada huongezwa mara saba katika kila miaka 19, ndipo mwaka ukawa na miezi miwili iitwayo Adari. Hapo huzuka kichekesho ambacho wanasheria wa kale walikiandika kwa uzito wote. Chukua wavulana wawili waliozaliwa katika mwaka wa namna hiyo, mmoja tarehe 29 ya Adari ya kwanza, mwenzake tarehe 1 ya Adari ya pili. Ikiwa miaka 13 baadaye mwaka una Adari moja tu, mdogo atafikiwa na amri tarehe 1 na mkubwa atangoja hadi tarehe 29. Mdogo amemtangulia mkubwa kwa wiki nne, na hakuna wa kumlaumu.

Tarehe ya kuzaliwa ndiyo inayochagua pia somo. Vitabu vitano vya Musa vimegawanywa mafungu 54, yaani parasha, yanayosomwa Sabato kwa Sabato hadi mwaka umalizike. Kijana hupewa fungu la wiki yake, zuri au baya. Mwingine huangukia Bahari ya Shamu ikigawanyika, ambayo ina mahadhi yake maalumu. Mwingine huangukia Vayelekh, fungu lenye aya 30 tu, au Naso, lenye aya 176. Kwa bahati nzuri si lazima kijana asome fungu zima. Wengi husoma sehemu yake ya mwisho, kisha huongeza haftara, yaani somo kutoka vitabu vya Manabii lililooanishwa na wiki hiyo.

Ugumu wenyewe uko kwenye gombo. Torati inayosomwa sinagogini imeandikwa kwa mkono, kwa wino juu ya ngozi ya mnyama aliye halali, herufi 304,805 bila hata moja kupungua. Herufi hizo karibu zote ni konsonanti. Hakuna alama za irabu, hakuna nukta ya mwisho wa sentensi, hakuna namba za aya. Aliyepita chuoni akajifunza fataha, kasra na dhumma anaweza kuona tatizo lilipo: ni kama kumkabidhi mtoto msahafu uliofutwa irabu zote na kumwambia asome mbele ya jamaa na jirani. Herufi tatu za Kiebrania zinazosomwa halav ni maziwa. Zizo hizo zikisomwa helev ni mafuta ya mnyama. Torati ina sheria ya maziwa na sheria ya mafuta, na ni mbali mbali. Anayesoma hana budi kujua irabu kabla hajalifikia gombo.

Juu ya irabu kuna mahadhi. Torati haisomwi kwa sauti ya kawaida, huimbwa, na kila neno lina alama yake ya sauti ambayo nayo haimo kwenye gombo. Alama hizo, teamimu, ziliwekwa katika utaratibu wa kudumu na wataalamu wa Tiberia, kando ya ziwa la Galilaya, karne ya 9 na ya 10. Kila moja ni kipande kifupi cha wimbo, na papo hapo ni alama ya kituo: etnahta hukata aya katikati, sof pasuk huifunga. Mwanafunzi hujifunza kwanza majina ya alama akiyaimba kila moja kwa sauti yake, ndipo ayavike maneno. Iko moja, shalshelet, ndefu yenye kupanda na kushuka, inayotokea mara nne tu katika vitabu vyote vitano. Mojawapo ni pale Yusufu anapomkataa mke wa Potifa. Nyingine ni pale Lutu anapositasita kutoka Sodoma. Wafasiri wa kale waliisikia ile sauti inayoyumba kama moyo wa mtu aliyekwama kati ya mambo mawili. Haftara ina mahadhi tofauti kwa alama zilezile, kwa hiyo kijana anayesoma vyote viwili hujifunza nyimbo mbili.

Kitabu cha mazoezi huitwa tikun. Kila ukurasa una safu mbili: upande mmoja maneno yamewekewa irabu na alama, upande wa pili yako uchi kama yalivyo kwenye gombo. Mwanafunzi husoma safu ya kwanza mpaka imkae, huifunika kwa kiganja, hujaribu ya pili, hukwama, huchungulia, huanza tena. Kwa kawaida kazi hii huchukua miezi mingi, mara nyingi mwaka mzima, kwa somo la kila wiki na mwalimu au mwimbishaji wa sinagogi. Zamani mwalimu alimrekodia mtoto kaseti. Siku hizi sauti iko kwenye simu. Hapo walimu hawakubaliani. Rekodi humfikisha mtoto haraka siku yake, lakini aliyekariri kama kasuku amejifunza aya zake ishirini na basi. Aliyefundishwa alama anaweza kurudi wiki yoyote akasoma fungu lolote. Njia ya pili ni ndefu, na ndiyo iliyo bora, ijapokuwa mzazi aliyekwisha kulipia ukumbi huwa hataki kuambiwa hivyo. Tena kuna jambo ambalo hakuna mwalimu awezaye kulizuia: miaka 13 ndiyo umri wa sauti kupasuka. Mvulana aliyeanza mazoezi akiwa na sauti ya ndege huweza kumalizia na sauti ya chura.

Siku ikifika, kijana huitwa kwa jina lake la Kiebrania, husema baraka, kisha hufuata maandishi kwa kijiti, mara nyingi cha fedha, chenye ncha ya mkono mdogo ulionyosha kidole, kwa kuwa ngozi ya gombo haiguswi kwa mkono mtupu. Pembeni yake husimama wasahihishaji walioshika kitabu chenye alama. Akikosea neno likageuka maana, humrudisha alisome upya. Haionekani kuwa ni aibu, kwani wazee nao hurudishwa. Katika jumuiya nyingi za Kiorthodoksi, madhehebu ya Kiyahudi yanayoshika sana mapokeo, baba husema baraka fupi ya kushukuru kwamba ameondolewa dhima ya makosa ya mwanawe. Haina maana ya kumkana mwana, ingawa wageni huicheka. Akimaliza hurushiwa peremende, na watoto wadogo hugombea zilizoanguka.

Mvulana ana zoezi jingine la mikono. Tefilini ni vijisanduku viwili vyeusi vya ngozi vyenye mafungu manne ya Torati ndani, kimoja hufungwa kwenye mkono na kingine juu ya paji la uso, kwa sala ya asubuhi ya siku za kazi. Kwa desturi ya Wayahudi wengi wenye asili ya Ulaya, huanza kuvaa kama mwezi mmoja kabla, ili siku yake imkute mkanda hausokoteki. Tefilini hazivaliwi Sabato, na wazingatiaji wa sheria hawapigi picha Sabato; ndiyo sababu familia nyingi huchagua Jumatatu au Alhamisi, siku ambazo Torati husomwa pia, na kwenda Ukuta wa Magharibi mjini Yerusalemu.

Kisha kuna hotuba. Kijana hutakiwa kueleza fungu lake na kulipatia maana. Kwa aliyepewa Tazria, fungu la Mambo ya Walawi kuhusu magonjwa ya ngozi na kuhani anayekagua vipele, huu ni mtihani. Hata hivyo fungu gumu huzaa hotuba nzuri mara nyingi kuliko fungu tamu: mgonjwa hutengwa siku saba, na siku ya saba kuhani humwangalia tena. Mwaka 2020, sinagogi zilipofungwa kwa janga la korona na jumuiya nyingi za madhehebu ya Kiyahudi ya Kireformu na ya Kikonsevativu zikafanya ibada kwa intaneti, maneno ya kutengwa hayakuhitaji tafsiri.

Habari ya wasichana ni fupi kwa umri. Katika karne ya 19 rabi Yosef Hayyim wa Baghdad alihimiza binti anayetimiza miaka 12 aifurahie siku hiyo na avae nguo mpya. Kusoma mbele ya watu kulikuja mjini New York tarehe 18 Machi 1922, pale Judith Kaplan, binti wa rabi Mordecai Kaplan, aliposoma Torati sinagogini kwa baba yake. Alisoma kwenye kitabu kilichochapwa, si kwenye gombo. Leo katika jumuiya za Kireformu na Kikonsevativu msichana hufanya yote anayofanya mvulana. Kwa Waorthodoksi wengi hutoa hotuba, au humaliza kusoma sehemu ya Mishna, au husoma kitabu cha Esta mbele ya wanawake.

Afrika Mashariki ina Wayahudi wake, Abayudaya wa karibu na Mbale, Uganda, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1919 na Semei Kakungulu, kiongozi wa kivita aliyeisoma Biblia akachagua Agano la Kale. Rabi wao Gershom Sizomu alipata daraja mwaka 2008 huko Los Angeles. Kijana wa hapo hubeba mzigo zaidi, maana Kiebrania si lugha ya nyumbani kwake.

Kuna maandalizi maarufu ambayo hayakuwa na tikun wala karamu. Mwaka 1944, katika kambi ya Bergen-Belsen, rabi wa Kiholanzi Simon Dasberg alimfundisha mvulana Joachim Joseph kwa siri usiku, kwa gombo dogo alilolificha. Mvulana alisoma kabla ya alfajiri, ndani ya banda, kisha akapewa gombo hilo. Dasberg hakutoka hai. Joseph alikuja kuwa mwanasayansi wa angahewa nchini Israeli, na mwanaanga Ilan Ramon alipoliona gombo nyumbani kwake aliomba kulichukua. Lilipaa na chombo cha anga Columbia Januari 2003, likapotea pamoja na watu saba waliokuwemo tarehe 1 Februari.

Baadhi ya wazee husoma mara ya pili wakiwa na miaka 83, kwa hesabu kwamba miaka 70 ni umri kamili wa mtu na 13 huanza kuhesabiwa upya baada yake. Judith Kaplan alirudia akiwa na miaka 82, mwaka 1992. Fungu ni lilelile la utotoni, na tikun hufunguliwa tena kwenye ukurasa uleule.