Toa Mauzo Yako Kwenye Mfumo Kabla Kifurushi Hakijaisha

Kama unauza mbao Makambako au unanunua viazi Njombe, na mauzo yako yako kwenye mfumo wa mtandaoni, usilipie mwezi mwingine kabla hujajua utayatoaje. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu za biashara zitunzwe miaka 5. Mfumo ukifungwa kwa sababu hujalipa, Mamlaka ya Mapato (TRA) haitamdai mwenye mfumo. Itakudai wewe.

Njia rahisi kuliko zote ni kitufe cha "Export". Tatizo ni kwamba baadhi ya wauzaji wamekificha kwenye kifurushi cha bei ya juu. Tuseme kinaongeza shilingi 20,000 kwa mwezi: hiyo ni 240,000 kwa mwaka, kwa faili unalolihitaji pengine mara mbili. Panda kifurushi mwezi mmoja, toa kila kitu, kisha shuka. Ila uliza kwanza kama kushuka kunaruhusiwa, na kama faili linarudi hadi siku ya kwanza au miezi mitatu tu.

Ukipewa kuchagua, chukua faili la CSV. Ni jepesi, halili bando, na linafunguka karibu kila mahali. Lakini usilibofye tu likafunguka lenyewe kwenye Excel: namba ya simu inayoanza na 07 itapoteza sifuri, na namba ndefu ya muamala itageuka kitu kama 1.23E+11. Ukihifadhi hapo, tarakimu za mwisho zinaweza kupotea kabisa. Fungua programu kwanza, ingiza faili kupitia menyu ya data, na safu hizo uziweke kuwa "Text".

Kunakili jedwali kwenye skrini na kulibandika ni bure. Kunafaa kwa kurasa chache, tena kwenye kompyuta. Kwa simu utachoka. Duka lenye wateja wengi lisijaribu.

Kuna wanaochapisha PDF na kuipeleka steshenari ichapwe upya. Hapo unalipia kila ukurasa, halafu unakaa jioni nzima kukagua kama 180,000 haijawa 18,000. Tovuti za bure za kugeuza PDF zina gharama nyingine: unampa mtu usiyemjua majina na namba za wateja wanaodaiwa. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, hilo si jambo la kupuuza.

Programu ya kufungulia faili? LibreOffice ni bure na haihitaji intaneti ikishawekwa. Kwa duka dogo inatosha. Google Sheets nayo ni bure, ila mtandao ukikatika unaweza kukaa kusubiri. Microsoft 365 hulipiwa kila mwezi au mwaka. Inunue tu kama mhasibu wako anaidai. Excel ya wizi anayokuwekea fundi kwa bei ya soda usiiguse: virusi vikila faili, utamlipa fundi yuleyule akusafishie.

Ukiwa bado hujanunua mfumo, mwambie muuzaji atoe faili mbele yako, kwenye kompyuta yako. Akisema litakuja kwa barua pepe, subiri lifike ndipo ulipe. Akikupa PDF peke yake, nenda kwa muuzaji mwingine.