Peke yako ziwani kwa tanga: siku inavyokwenda, na kazi ya aliyebaki nyumbani

Kutoka Ihembe hadi Ziwa Victoria ni safari ya barabara kupitia Kyaka hadi Bukoba. Wapo vijana wetu wanaokwenda huko kutafuta riziki ya dagaa na sangara. Mafuta ya injini ni ghali, hivyo baadhi ya watu ziwani bado husafiri kwa mtumbwi wa tanga kutoka mwalo mmoja hadi mwingine, wakati mwingine peke yao. Leo tunaeleza siku ya msafiri wa namna hiyo, na kwa nini sisi wa huku juu tunahusika.

Pepo mbili kwa siku

Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, na hewa yake baridi huelekea ziwani. Mchana ardhi hupata joto, hewa hupanda, na upepo wa ziwani huja kujaza nafasi. Kwa hiyo upande wetu wa Bukoba na Muleba, alfajiri upepo hutoka magharibi, na kuanzia saa 5 asubuhi hivi hutoka mashariki. Anayekwenda kusini kufuata ufuko, tuseme kutoka Bukoba hadi Kemondo, hupigwa na pepo zote mbili ubavuni, na tanga hufanya kazi vizuri.

Hatari ni kwamba upepo wa alfajiri unamsukuma mbali na nchi kavu. Tanga likichanika, anaelekea katikati ya ziwa lenye kilometa za mraba zipatazo 68,800. Upepo wa mchana nao unaweza kumtupa kwenye miamba ya ufukweni.

Kuna jambo jingine. Usiku, pepo za nchi kavu kutoka pande zote hukutana juu ya ziwa na kupandisha mawingu ya radi. Upepo wa mashariki huyaleta Bukoba, mara nyingi karibu na mapambazuko. Ndiyo maana Bukoba hunyeshewa kuliko Karagwe. Saa nzuri ya kuondoka inaweza pia kuwa saa ya dhoruba. Kabla ya kufungua kamba, msafiri aangalie mashariki. Akiona radi, asubiri.

Kazi zote ni zake

Mkono mmoja unashika kasia la kuongozea, mwingine kamba ya tanga. Maji yakiingia, ni yeye anayeyachota. Hawezi kupika, hivyo hubeba ndizi au viazi vilivyochemshwa na maji ya kunywa yaliyochemshwa pia. Simu huifunga ndani ya mifuko miwili ya plastiki.

Hawezi pia kulala, kwa hiyo safari zake ziwe fupi. Kwa mwendo wa kilometa 5 kwa saa, kilometa 20 ni saa 4. Akiondoka saa 1 asubuhi, saa 5 yuko mwaloni: anavuta mtumbwi mchangani, anapika, anashona tanga, anapumzika.

Akianguka majini, mtumbwi wa tanga unaendelea bila yeye. Jaketi okozi livaliwe tangu ufukweni, lisiwe la kukalia.

Mwenzake yuko nchi kavu

Mtu akizama akiwa na wenzake, kuna wa kupiga kelele. Aliye peke yake hana, isipokuwa wewe mwenye simu nyumbani. Muulize mambo manne kabla hajaondoka: anatoka mwalo gani, anakwenda mwalo gani, atafika saa ngapi, na tanga lake ni la rangi gani. Andika pia namba ya kiongozi wa BMU wa mwalo anaokwenda. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) kuhusu Ziwa Victoria na umpigie kama kuna onyo la upepo mkali au mawimbi.

Saa ya kufika ikipita na simu yake haipatikani, piga mwaloni kwanza. Kama hajaonekana, piga 112 polisi au 114 Zimamoto na Uokoaji, kabla giza halijaingia.