Kuunga, Kuunganisha na Kuunga Mkono: Msamiati wa Wanawake katika Sanaa za Ufundi

Kitenzi "unga" ni miongoni mwa vitenzi vya Kibantu vyenye uzao mkubwa katika Kiswahili. Seremala huunga mbao, mshonaji huunga vitambaa, mpishi huunga mchuzi kwa nazi. Kwa mnyambuliko hupatikana "ungana" na "unganisha", pamoja na nomino "kiungo" na "muungano". Tena iko nahau "unga mkono". Hivyo kumsaidia mtu na kumkutanisha na wenzake ni mambo yatokayo katika shina moja. Makala haya yaeleza jinsi maana hizo mbili zinavyohusiana katika kazi za wanawake wa sanaa za ufundi, yaani uchoraji, uchongaji, ufinyanzi, ususi na zinazofanana nazo.

Kwanza yafaa kuyatazama majina. "Sanaa" latokana na Kiarabu, ambako mzizi wake wahusu kutengeneza na kazi ya mkono. Asili yake haikutenga picha na mkeka. "Fundi" nalo lina undugu na "funda" na "fundisha": kungwi humfunda mwari, na fundi ni mtu aliyefundwa kazi hata akaijua. Lakini kwa mazoea husemwa fundi seremala, fundi mwashi na fundi cherehani, ilhali mwanamke asukaye mikeka huitwa msusi tu, na afinyangaye vyungu huitwa mfinyanzi. Majina hayo yataja kazi bila kutaja daraja. "Msanii" siku hizi huwaendea zaidi waimbaji na waigizaji, na mitaani "usanii" limekuwa na maana ya ulaghai. Matokeo ya hali hiyo hayaishii katika kamusi. Chama kikiwaita "wasanii wa kike" na kisiongeze neno, msusi wa mikeka hatadhani kuwa ameitwa yeye.

Hata hivyo, ni katika ususi ndiko kuunga kunakoonekana wazi. Ukindu hukaushwa, hupasuliwa kuwa chane, na nyingine hutiwa rangi kwa kuchemshwa. Chane husukwa kuwa ukili, yaani ukanda mrefu mwembamba, ambao wingi wake ni kili. Ukili mmoja haulaliki. Mkeka hupatikana kili zinaposhonwa ubavu kwa ubavu. Kwa kuwa ukili husukwa huku mtu akizungumza, kazi hiyo hufanyika uani au barazani, wanawake wakiwa pamoja, na binti hujifunza kwa kutazama mikono ya mama na shangazi. Wanawake hao hao huweza kucheza upatu: kila mmoja hutoa fungu lake, na jumla yake humwendea mmoja kwa zamu. Basi mafunzo, mtaji na maoni ya wenzi hupatikana mahali pamoja, ijapokuwa hapana aliyepaita chama cha sanaa.

Mwanamke aliyesomea sanaa chuoni mara nyingi hakuwa na ua wa namna hiyo. Rosemary Karuga, aliyezaliwa Kenya mwaka 1928, alisoma sanaa Makerere kuanzia mwaka 1950 hadi 1952. Baadaye alikuwa mwalimu wa shule kwa miaka mingi, na sanaa yake ikakaa kimya. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alipata nafasi ya kufanya kazi Paa ya Paa, kituo cha sanaa kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1965. Kwa kukosa vifaa, alikata karatasi za pakiti za unga na za sabuni, akaziunga kuwa picha za watu na wanyama. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa New York. Alifariki mwaka 2021. Kipawa kilikuwapo tangu mwanzo; kilichochelewa ni mahali na watu wa kukipokea.

Mfano wa pili ni wa Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950. Akiwa mwanafunzi Uingereza, alikwenda Nigeria, katika kituo cha ufinyanzi cha Abuja, mji ambao sasa huitwa Suleja. Huko alijifunza kufinyanga kwa mkono bila gurudumu, kutoka kwa wanawake wafinyanzi ambao miongoni mwao alikuwa Ladi Kwali. Vyungu vyake sasa vimo katika majumba makubwa ya makumbusho. Aliyemfunda hakuwa profesa, bali fundi aliyejifunza kwa jamaa zake kijijini.

Mifano hii yaonyesha kuwa maana mbili za shina hili hazipaswi kutenganishwa. Kumwunga mkono mwanamke kwa fedha au kwa onyesho moja, bila kumwunganisha na wenziwe, humwacha peke yake onyesho likisha. Kuwaunganisha kwa mikutano bila nyenzo, nako huishia katika maneno. Tena mchoraji wa chuoni na msusi wa uani hawana budi kuhesabiwa katika orodha moja, kwa kuwa kila mmoja anacho anachokikosa mwenzake.

Wanaokusanya msamiati nao wana sehemu yao. Majina ya mapambo ya kili na ya mikeka yamo vinywani mwa wasusi wazee, na mengi hayamo katika kamusi. Anayeyakusanya na ayaandike pamoja na jina la msusi aliyeyataja, iwapo mwenyewe ameridhia, ili kazi na mwenye kazi visitengane tena.