Mfunze Mbwa Angali Mdogo: Simu Yaweza Kukusaidia

Mbwa mwema ni mlinzi wa boma. Lakini mbwa afukuzaye mbuzi wa jirani, au amng'ataye mtoto aendaye shule, ni hasara tupu. Kiwanjani, karibu na uwanja wa ndege wa Isiolo, nyumba ziko karibu karibu, na pikipiki na mifugo hupita njia moja. Hali ni ile ile katika mashamba ya skimu, ambako boma limepakana na boma.

Wengi husema mbwa wa namna hiyo alizaliwa mkali. Mara nyingi sivyo. Mtoto wa mbwa huizoea dunia tangu wiki ya 3 hata wiki ya 14 hivi. Asichokiona siku hizo aweza kukiogopa baadaye, na mbwa mwenye hofu huuma upesi. Basi, ewe mkulima, mwonyeshe watoto, wageni, pikipiki, punda na mbuzi, taratibu, huku ukimpa kipande cha chakula. Usimtenge na mama yake kabla ya wiki 8, wala usimchanganye na mbwa koko kabla hajachanjwa.

Siku hizi ziko programu za simu za kumfunza mbwa, kama Dogo na Puppr. Zaonyesha kwa picha somo moja moja: kuja akiitwa, kukaa, kuacha kitu. Zina mlio mfupi wa kubonyeza mara tu afanyapo vema, kisha wampa tuzo. Ukichelewa kubonyeza, atadhani amesifiwa kwa jambo jingine. Maelezo ya Kiingereza yakikushinda, kijana wako asomaye atakufasiria. Na kama huna simu ya namna hiyo, usisikitike: gonga ulimi kaakaani, mlio ni ule ule, tena haudai bando. Dakika 5, mara mbili kwa siku, zatosha.

Fimbo iweke kando. Mbwa apigwaye kwa kunguruma huacha kunguruma, lakini haachi hofu. Siku nyingine atauma bila kutoa onyo. Na umfungaye mnyororo mchana kutwa, usishangae akiwa mkali.

Lakini simu haina sindano. Afikapo miezi 3, mbwa achanjwe kichaa cha mbwa, kisha kila mwaka. Mbwa mpole akibadilika ghafla, akatokwa na mate mengi, akashindwa kumeza, akauma hata vijiti, hilo si kosa la mafunzo. Usimguse. Mwarifu afisa wa mifugo upesi. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni kwa dakika 15, naye aende hospitali siku ile ile, hata kama ni mkwaruzo tu. Chanjo ikitolewa mapema humwokoa. Dalili zikisha kuonekana, ugonjwa huu hauna dawa.