Kikomo cha Malipo katika Mpira wa Ridhaa: Nani Atakilinda?

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Watu wengi wakisikia habari za kikomo cha mishahara ya wachezaji hudhani kuwa hilo ni jambo la vilabu vikubwa vyenye viwanja vya maelfu ya watazamaji. Lakini huko Australia, katika jimbo la Victoria, kikomo cha namna hiyo kimewekwa hata kwa timu za miji midogo na vitongoji, ambazo wachezaji wake ni wakulima, mafundi, makarani na walimu, na mweka hazina wake ni jirani tu afanyaye kazi bila ujira. Nia yangu ni kueleza kwa nini kikomo hicho kilihitajika, jinsi kinavyolindwa, na kwa nini kukilinda ni kazi ngumu kuliko kukitunga.

Kwanza yafaa tuujue mchezo wenyewe. Mpira unaopendwa sana Victoria si kandanda yetu. Mpira wao una umbo la yai, huchezwa kwa mikono na miguu, na kila upande huwa na watu 18 uwanjani. Kila mwisho wa uwanja pana milingoti minne. Mpira uliopigwa kwa mguu ukipita katikati ya milingoti miwili ya ndani, timu hupata pointi 6. Ukipita pembeni mwake, hupata pointi 1. Mji mdogo wenye duka moja, shule moja na ghala la nafaka huwa na timu yake, na mara nyingi klabu hiyo hiyo ina timu ya netiboli. Siku ya mchezo wazee, vijana na watoto wote hukutana hapo. Klabu ikifa, hapana mahali pengine pa kukutania. Ndiyo sababu jambo hili si la mchezo tu.

Ugonjwa ulianzaje? Tuseme pana miji miwili jirani. Mji wa kwanza umeshindwa miaka mitatu mfululizo. Wakuu wake wanachanga fedha, wanakwenda Melbourne, wanamleta mchezaji hodari na kumlipa kila mchezo. Mwaka ule wanashinda. Mji wa pili unaona aibu, nao unaleta wawili. Wa kwanza unaleta watatu. Basi kila mwaka malipo yanapanda, lakini kikombe ni kimoja tu, na mshindi ni mmoja tu kama zamani. Wote wawili wamelipa zaidi ili wabaki pale pale walipokuwa.

Na fedha hizo zatoka wapi? Zatoka katika viingilio vya mlangoni, mauzo ya chakula na vinywaji, bahati nasibu, na msaada wa wenye maduka. Nazo ndizo fedha ambazo zingenunua mipira ya watoto, zingetengeneza taa na mabomba ya maji. Tena kijana aliyezaliwa mjini hapo, aliyefanya mazoezi tangu utoto, anaketi pembeni akimtazama mgeni aliyefika kwa gari Jumamosi asubuhi na kuondoka jioni. Kijana huyo akikata tamaa, klabu imepoteza mchezaji wa miaka kumi ijayo kwa ajili ya mchezaji wa msimu mmoja.

Kwa sababu hiyo AFL Victoria, yaani wasimamizi wa mchezo huo jimboni, waliweka sheria mbili. Ya kwanza, iliyoanza mwaka 2016, ni ya alama za wachezaji. Ya pili, iliyoanza mwaka 2017, ni kikomo cha jumla ya malipo ambayo klabu yaweza kuwalipa wachezaji wake. Kikomo si kimoja jimbo zima. Hutofautiana ligi kwa ligi, kwa kuwa ligi ya mjini na ligi ya mashambani hazilingani kwa uwezo.

Ajabu ni kwamba sheria ya fedha, ambayo yaonekana ndiyo yenye nguvu, ndiyo iliyo dhaifu zaidi. Fedha hufichika. Mchezaji hupewa bahasha nyuma ya jengo la klabu baada ya mchezo, wala hapana risiti. Au hapewi fedha kabisa, bali mwenye shamba aipendaye timu humpa kazi nyepesi kwa mshahara mzito. Au hupewa nyumba ya kukaa bure, au mafuta ya gari. Au huitwa kocha wa watoto, akalipwa kwa jina hilo. Kwa hiyo sheria njema ya kikomo hapana budi ihesabu kila faida aipatayo mchezaji kwa sababu ya kucheza, hata kama mtoaji si klabu bali ni rafiki wa klabu. Lakini kusema hivyo katika karatasi ni jambo moja, na kuthibitisha ni jambo jingine. Wenye kuijua siri ni mtoaji na mpokeaji, na wote wawili wanafaidika kwa kunyamaza.

Hapo ndipo tunapoona faida ya ile sheria ya alama. Kila mchezaji hupewa alama kufuatana na historia yake ya uchezaji. Aliyelelewa na klabu yenyewe huwa na alama 1. Aliyetoka karibuni katika ligi kuu ya taifa aweza kuwa na alama 6. Kila msimu mgeni anaoitumikia klabu ile ile, alama zake hupungua. Ligi huweka jumla ya alama ambayo timu haitakiwi kuizidi siku ya mchezo, na klabu iliyo dhaifu yaweza kuongezewa nafasi kidogo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Timu ina wachezaji 22 na kikomo chake ni alama 40. Ikiwa wote ni wenyeji, alama zao ni 22, na zimebaki 18. Kila mgeni wa alama 6 anayeingia mahali pa mwenyeji huongeza alama 5. Wageni watatu wa namna hiyo huongeza 15, na jumla huwa 37. Wa nne hawezi kuingia, kwani jumla ingekuwa 42. Hata tajiri wa mji akileta gunia la fedha, hana mahali pa kumweka mchezaji huyo wa nne. Fedha hufichwa katika bahasha, lakini mtu mzima hawezi kufichwa uwanjani mbele ya macho ya mji mzima. Jina lake limeandikwa, na wapinzani wanamfahamu alikotoka.

Hii haina maana kwamba vitabu vya hesabu havina kazi. Kilichoandikwa hulinganishwa na kinachoonekana. Klabu ikisema haikumlipa mtu kitu, ilhali mtu huyo anasafiri saa tatu kila Jumamosi kuja kuichezea, mkaguzi ana haki ya kuuliza. Makosa yakithibitika, adhabu ni kama faini au kunyang'anywa pointi za ushindi. Kwa maoni yangu kunyang'anywa pointi kunauma zaidi. Faini aweza kuilipa tajiri yule yule aliyetoa bahasha. Pointi za ligi hawezi kuzinunua dukani.

Historia yatuonyesha kuwa hila hizi si mpya. Mwaka 1884 klabu ya Preston North End ya Uingereza ilishitakiwa kuwa inawalipa wachezaji, jambo lililokatazwa wakati ule. Kiongozi wake, William Sudell, hakukana, alikiri waziwazi. Klabu ilitolewa katika mashindano ya Kombe la FA, lakini mwaka uliofuata, 1885, chama cha mpira kikakubali wachezaji wa kulipwa. Mwaka 1901 kikawekwa kikomo cha pauni 4 kwa wiki. Mwaka 1919 klabu ya Leeds City, iliyoshukiwa kuwalipa wachezaji isivyo halali wakati wa vita, ilikataa kutoa vitabu vyake, ikafukuzwa katika ligi. Mwaka 1957 klabu ya Sunderland ilitozwa faini ya pauni 5,000. Baadhi ya fedha za wachezaji zilikuwa zimefichwa katika hesabu za majani makavu ya kufunikia kiwanja. Huko Melbourne kwenyewe, ligi kubwa iliweka kikomo cha pauni 3 kwa mchezo mwaka 1930. Na mwaka 2010 klabu ya ragbi ya Melbourne Storm ilikutwa na hesabu za namna mbili, za kuonyesha na za kweli. Ilivuliwa ubingwa wa mwaka 2007 na wa 2009, ikamaliza msimu ule ikicheza bila kupewa pointi hata moja.

Msomaji aweza kuuliza: Je, si haki ya mchezaji kulipwa jasho lake? Swali hili ni la haki, wala silipuuzi. Wachezaji wa Uingereza, wakiongozwa na Jimmy Hill, walipigana na kikomo chao mpaka kikaondolewa mwaka 1961, kilipokuwa pauni 20 kwa wiki. Walikuwa na hoja njema, kwa kuwa mpira ndio uliokuwa kazi yao, na vilabu vilipata fedha nyingi kwa jasho lao. Lakini katika mji mdogo hapana mwenye klabu anayetajirika. Anayelipa ni mama aliyekaanga viazi vya kuuza na mzee aliyenunua tikiti ya bahati nasibu. Kikomo hapo hakimnyang'anyi mfanyakazi mshahara. Kinawazuia majirani wasifilisiane kwa ajili ya kikombe.

Kwetu nako jambo hili si geni. Katika mashindano ya ndondo na ya vijiji twawajua wachezaji wa kukodiwa kwa mchezo mmoja, na katika michezo ya shule twalijua vizuri neno "mamluki". Nasi pia hutunga sheria kali, kisha tukamwachia kazi ya kuzilinda katibu mmoja mwenye daftari moja. Naona tungeweza kuwaiga watu wa Victoria katika mambo matatu. Kwanza, tuhesabu kinachoonekana: orodha ya majina ibandikwe mahali pa wazi siku kadhaa kabla ya mchezo, na kila jina liandikwe mtaa au kijiji chake. Pili, daftari la mapato na matumizi lisomwe mbele ya wanachama wote, wala si mbele ya wakuu peke yao. Tatu, anayeleta habari ya udanganyifu asiitwe msaliti wa timu, maana anayeisaliti timu ni yule anayekula akiba yake.

Mlinzi wa kikomo, basi, si mkaguzi wa mbali tu. Ni kila mwanachama anayekubali timu yake ishindwe kwa halali kuliko kushinda kwa bahasha. Pasipo watu wa namna hiyo sheria itabaki kuwa wino juu ya karatasi. Shime, tuanze na timu zetu za mabweni na za vijijini kwetu, kabla hatujawanyoshea vidole wakubwa.