Je, Wajua? Kinanda cha Kanisa Husisitiza kwa Kimya

Je, wajua kwamba kwenye kinanda cha mabomba, kubonyeza kwa nguvu hakuongezi sauti? Kibonyezo hufungua tu njia ya upepo kuingia bombani. Kiguse polepole au kipige kwa kishindo, sauti ni ile ile, nayo hudumu mpaka kidole kiinuke.

Basi mpigaji husisitizaje noti? Kwa kimya. Huinua kidole mapema kidogo kabla ya noti anayoitaka, na pengo hilo hulifanya sikio liipokee noti ifuatayo kama yenye uzito. Kanisa likiwa na mwangwi mrefu, pengo hupanuliwa, la sivyo noti huvurugana. Kwangu, ufundi huu wapita wingi wa mabomba.

Anayesindikiza kwaya hana budi kupumua nayo, na Lubumbashi, katika Katanga ya Kongo, ni mji wa kwaya. Hapa Joseph Kiwele (1912–1961), mwalimu na mtunzi, aliongoza muziki wa kwaya ya Chanteurs à la Croix de Cuivre, iliyobeba jina la msalaba wa shaba, fedha ya kale ya Katanga. Alitunga Misa ya Katanga, na mwaka 1960 wimbo wa taifa wa Katanga iliyojitenga na Kongo, akiwa pia waziri wake wa elimu.

Kiluba, mojawapo ya lugha za Katanga, ni lugha ya toni: silabi ikipanda au kushuka, maana yaweza kubadilika. Mpiga kinanda wa nyimbo za Kiluba asikilize maneno kwanza, ndipo achague mahali pa kuinua kidole.